Diski za Breki Zikikonda: Ushauri kwa Wenye Pikapu za Mizigo Barabara ya Meru–Embu

Pikapu inayobeba miraa kutoka Maua au ndizi kutoka Nkubu kuelekea Embu haikosi kuteremka na kupanda mara nyingi kabla ya kufika. Barabara hiyo inapita ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa mashariki, na kila mto unaoshuka kutoka mlimani umejichimbia bonde lake: Mutonga, Nithi, Ruguti, Thuci. Katika kila bonde dereva hukanyaga breki akiwa na mzigo mgongoni na kona mbele yake.

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa kuhusu daraja la Nithi. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni hapo na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja hitilafu ya breki. Breki za basi hazifanani na za pikapu, lakini adui wao kwenye mteremko ni mmoja, nalo ni joto.

Hesabu yake si ngumu. Pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikishuka mita 100 kwa kimo huku mwendo wake ukizuiwa na breki pekee, huzalisha joto la kutosha kuchemsha takriban lita 9 za maji. Joto hilo lote huingia kwenye vipande vichache vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu. Kwa pikapu nyingi zinazotumika hapa, magurudumu ya mbele yana diski, ambayo baadhi ya makanika huiita rota, na ya nyuma yana ngoma zenye breki shuu. Dereva akikanyaga pedali, pedi mbili huibana diski kutoka pande zote mbili. Diski ndiyo inayopokea joto, kulihifadhi kwa muda mfupi, kisha kulitoa hewani.

Hapa ndipo unene wa diski unapokuwa na maana. Diski nene ina chuma kingi cha kupokea joto. Diski iliyokonda hupata moto upesi zaidi kwa mteremko ule ule. Ikizidi kuwa moto, pedi hupoteza mshiko, na joto hupenya hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka, mapovu hujaa kwenye mipira ya breki, na mguu wa dereva huzama na pedali bila gari kupunguza mwendo.

Kila diski ina kipimo cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji, na mara nyingi kimechapwa kwenye chuma chenyewe kwa herufi MIN TH na namba ya milimita. Watu wengi hawajawahi kukitafuta. Diski iliyokuwa na milimita 25 ikiwa mpya, kwa mfano, inaweza kutakiwa isishuke chini ya milimita 23. Tofauti hiyo ya milimita 2 haionekani kwa macho wala haipimwi kwa rula. Fundi anahitaji maikromita, na apime sehemu kadhaa kuzunguka diski, kwenye eneo linaloguswa na pedi. Akitumia venia ya kawaida ajihadhari, maana ukingo usioguswa na pedi hubaki umeinuka na humpa kipimo cha uongo.

Mazoea yanayozigharimu familia nyingi ni kubadilisha pedi peke yake, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku diski ikiachwa kwa sababu "bado ina chuma". Pedi mpya juu ya diski yenye mifereji hugusa sehemu chache tu mwanzoni, huliwa haraka, na breki hubaki dhaifu wakati mwenye gari anaamini ameshazitengeneza. Kukereza diski kwenye mashine ili uso wake unyooke ni jambo linalokubalika, mradi unene utakaobaki baada ya kazi uwe juu ya kipimo cha mwisho, na uwe na akiba ya kuvaliwa. Kwa gari la mizigo linaloshuka Nithi mara kadhaa kwa wiki, akiba hiyo huisha mapema. Diski mpya ndiyo njia ya busara, hata kama mashine ya kukereza iko jirani na bei yake inavutia.

Dalili nyingine hazihitaji kifaa. Usukani au pedali ikitetemeka gari linapopunguza mwendo, uso wa diski huenda hauko sawa. Mlio wa chuma kusaga chuma maana yake pedi imekwisha na bamba lake la chuma linaichonga diski. Gari likivutwa upande mmoja, huenda kalipa imekwama. Rangi ya buluu kwenye diski huonyesha kwamba ilipata moto kupita kiasi. Ufa unaofika ukingoni hauna mjadala. Diski hiyo hutolewa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha katika gereji za mashambani. Wenye pikapu wengi huongeza mabamba ya springi nyuma ili gari libebe zaidi bila kulala. Baadhi ya pikapu zina vali, karibu na ekseli ya nyuma, inayopima jinsi gari lilivyoinama ili kuamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Gari likiinama, vali huelewa kuna mzigo na huongeza nguvu nyuma. Springi zikiwa ngumu mno gari haliinami, vali hudhani liko tupu, na kazi kubwa huachiwa diski za mbele. Mwenye gari hushangaa diski zake zinaisha upesi kuliko za jirani. Yeyote aliyeongeza springi amwombe fundi aikague vali hiyo na kuirekebisha, na akumbuke pia kwamba springi za ziada haziongezi uzito ambao breki ziliundwa kuuhimili.

Kazi yenyewe ya kubadilisha diski inaweza kufanywa na fundi wa jua kali aliye makini. Gari likae mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na baada ya kuinuliwa liegemezwe kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe kwa waya juu. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, mpira huumia ndani mahali pasipoonekana. Kabla ya diski mpya kuwekwa, kutu yote kwenye uso wa habu ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Chembe ndogo ya kutu hapo huifanya diski mpya iyumbe, na baada ya kilomita elfu chache usukani utaanza tena kutetemeka, kisha duka litalaumiwa bure. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo yasafishwe kwa dawa maalumu ya breki wala si kwa dizeli. Pini ambazo kalipa hutelezea zipakwe grisi ya breki, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo; ni baya kwa mapafu.

Diski hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, na pedi mpya. Kabla gari halijasogea, pedali ipigwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu pistoni zilirudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Baadaye dereva atafute barabara tambarare isiyo na msongamano, apunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa takriban mara kumi bila kusimama kabisa, akiacha breki zipoe kidogo kila mara. Kwa kilomita 200 au 300 za mwanzo, asizikanyage kwa nguvu isipokuwa kwa dharura.

Diski nzuri bado huharibiwa na uendeshaji mbaya. Kumwagia maji magurudumu yanayotoa moshi kunaweza kuipasua au kuipinda diski. Afadhali gari liegeshwe lipoe lenyewe. Kushuka na gia huru ili kuokoa mafuta ni hesabu isiyo na faida. Injini nyingi za kisasa za dizeli hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya kichapuzi, ilhali gia huru huendelea kunywa mafuta na kuziachia breki kazi yote. Wanaozima injini kabisa hujinyima pia msaada wa hewa unaoifanya pedali iwe nyepesi. Baada ya mikanyago michache huwa ngumu kama jiwe. Sheria ya zamani ya madereva wa malori bado inafaa: teremka na gia ambayo ungepandia.

Kwa wanaonunua vipuri, iwe mjini Meru, Embu au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, namba ya chesisi ndiyo ya kuagizia, maana diski za modeli mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana. Diski iliyotolewa kwenye gari kuukuu ipimwe dukani kabla ya kulipiwa. Isiyo na namba yoyote iliyochapwa ibaki dukani.

Ukaguzi wa magari ya biashara ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, wala si ya serikali ya kaunti, na miadi yake huombwa kupitia jukwaa la eCitizen. Cheti hicho hutolewa mara moja kwa mwaka. Pikapu inayokwenda na kurudi kila siku inastahili kufunguliwa magurudumu ya mbele na kupimwa diski kila inapofanyiwa sevisi, na mafuta ya breki yabadilishwe angalau kila baada ya miaka 2.