Bima Hailipii Ukubwa wa Matiti, Hulipia Maradhi

Mwanamke mwenye matiti mazito huumwa shingo, mabega na mgongo. Kamba za sidiria humchimba mabegani hadi kuacha mifereji, na wakati wa joto ngozi ya chini ya matiti huchubuka na kuota fangasi. Upasuaji wa kupunguza matiti huwaondolea wengi adha hizo. Nchini Marekani, ambako wanaishi wasemaji wengi wa Kiswahili, swali gumu ni nani atalipa.

Kampuni za bima za huko huugawa upasuaji huu mafungu mawili. Ule wa urembo haulipiwi. Ule wa tiba hulipiwa, ila mgonjwa na daktari wake ndio wanaotakiwa kuthibitisha kwamba ni tiba kweli. Kwa hiyo anza na mkataba wako wa bima. Ipo mikataba inayoutaja upasuaji huu waziwazi miongoni mwa huduma zisizolipiwa. Hapo vyeti vya daktari havitafua dafu. Kama wako hauna kipengele hicho, iombe kampuni masharti yake kwa maandishi.

Masharti hayo hutofautiana, lakini mengi yanafanana: dalili za muda mrefu, picha za mabega na ngozi, na ushahidi kwamba tiba nyepesi zilijaribiwa kwanza, yaani dawa za maumivu, mazoezi ya tiba, sidiria imara na dawa za ngozi. Kampuni nyingine huridhika na wiki 6 za tiba hizo, nyingine hudai miezi 3 au 6.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu hununua vidonge dukani, hujipaka dawa ya fangasi nyumbani, na kwa kuona haya hamtajii daktari vipele vya chini ya matiti. Amejitibu miaka, lakini faili lake ni tupu, na kwa bima kisichoandikwa hakikutokea. Kila unapomwona daktari wako wa kawaida, taja maumivu, taja ngozi, taja kazi zinazokushinda, na uhakikishe ameandika. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani: hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupatia bila malipo.

Sharti linalozua ubishi zaidi ni la gramu. Mwaka 1991 daktari Paul Schnur na wenzake walichapisha jedwali linalolinganisha eneo la ngozi ya mwili, linalokokotolewa kwa urefu na uzito wa mtu, na kiasi cha nyama kinachotolewa kwenye kila titi. Kwa kampuni zinazolitumia jedwali hilo kama sharti, mwanamke mwenye eneo la mita za mraba 1.70 anatakiwa kutolewa takriban gramu 370 kila titi. Mwenye mita 2.00, gramu 628. Kampuni nyingine humtaka kila mtu afikishe gramu 500, awe mnene au mwembamba. Kigezo hiki kina walakini, kwani utafiti wa kitabibu ulikwisha kuonyesha kwamba nafuu ya mgonjwa haitegemei gramu zilizotolewa. Hata hivyo bado kinatumika, kwa hiyo muulize daktari wa upasuaji makadirio yake kabla hajatuma maombi ya kibali.

Aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani ana njia yake. Sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima zinazolipia ukataji huo zilipie pia kurekebisha titi la pili ili yalingane.

Maombi yakikataliwa, mlango haujafungwa. Daktari wako anaweza kuomba kuzungumza moja kwa moja na daktari wa kampuni. Chini ya sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, mipango mingi inakupa siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 30 ikiwa upasuaji haujafanyika. Ikikataa tena kwa hoja kwamba si tiba ya lazima, una miezi 4 ya kuomba mapitio ya wataalamu huru, na uamuzi wao unaifunga kampuni.

Kwa hiyo barua ya kukataliwa usiitupe wala usiitie kabatini. Isome sababu yake, mpelekee daktari nakala, na ujibu hoja ile ile waliyoitaja kabla siku hazijakwisha.