Maisha ya wamisionari vijana huko Karema

Maisha ya wamisionari vijana huko Karema yalikuwa maisha ya mapadre, mabruda na walei Wakatoliki waliotumwa kutoka ng'ambo kwenda misheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia mwaka 1885. Leo Karema ni kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, Tanzania, magharibi mwa mji wa Mpanda, ambao ndio makao makuu ya mkoa.

Wengi wao walifika wakiwa bado vijana. Walitakiwa kujifunza lugha mpya, kuishi pamoja kwa kufuata kanuni kali, kufundisha dini, kutibu wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Siku hizi vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) hutumwa ugenini kwa muda maalumu: kwa kawaida miezi 24 kwa wanaume na miezi 18 kwa wanawake. Wamisionari wa Karema hawakupangiwa tarehe ya kurudi. Baadhi yao walifariki baada ya muda mfupi tu, lakini mmoja, Adriano Atiman, alitumikia hapo kwa zaidi ya miaka 65.

Chanzo cha misheni

Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe kutokana na rangi ya kanzu yao, lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers nchini Algeria. Mwaka 1878 Lavigerie alituma msafara wa kwanza kwenda Afrika ya kati. Msafara huo uliondoka Bagamoyo mwezi Juni ukafuata njia ya zamani ya biashara hadi Tabora. Kutoka huko kundi moja lilielekea Uganda na lingine Ziwa Tanganyika. Hilo la pili lilifika Ujiji mnamo Januari 1879, likiwa limempoteza njiani kiongozi wake, padre Joachim Pascal, aliyefariki Agosti 1878.

Mwaka huohuo wa 1879 Karema ilipata kituo cha Kizungu, lakini si cha kidini. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga hapo ngome kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoongozwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya Mkutano wa Berlin (1884-1885) mwambao wa mashariki wa ziwa ulibaki nje ya eneo la mfalme huyo, na mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hivyo wamisionari walirithi majengo ya kijeshi pamoja na watu waliokuwa wakiishi chini ya ulinzi wake. Jambo hilo liliathiri sana maisha yao, kama inavyoelezwa hapa chini.

Safari ya kufika

Kabla ya reli, mtu aliyetumwa Karema alitembea kwa miguu kutoka pwani kwa miezi kadhaa. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilitumika kama fedha: kwa hivyo walinunua chakula na kulipa hongo kwa watemi ambao msafara ulipita katika nchi zao.

Barua nazo zilikwenda kwa mwendo wa mpagazi. Habari ya msiba nyumbani iliweza kumfikia kijana miezi mingi baada ya mazishi. Mawasiliano yalizidi kuwa magumu wakati wa vita vya Abushiri (1888-1889), wenyeji wa pwani walipopigana na Wajerumani.

Ratiba ya siku

Kanuni ya shirika iliagiza kwamba wamisionari wasiishi chini ya watatu katika kituo kimoja. Lengo lilikuwa kuzuia upweke, kusaidiana katika ugonjwa na kushikana katika sala. Mmoja alikuwa mkuu wa nyumba, na wengine walipaswa kumtii.

Siku ilianza mapema sana kwa sala, tafakuri na Misa. Baada ya hapo kila mmoja alikwenda kwenye kazi yake. Mapadre walifundisha dini, walipokea wageni na kusikiliza mashauri ya watu. Mabruda walisimamia ujenzi, useremala na bustani, ingawa katika miaka ya mwanzo padre naye alishika jembe au kukanyaga udongo wa matofali. Jioni walirudi kwenye sala ya pamoja na rozari, kisha nyumba ilikaa kimya hadi asubuhi.

Kila kituo kilitunza shajara. Humo yaliandikwa mambo ya siku: nani amefika, nani ameugua, mvua imenyesha au la, chakula kimepatikana wapi. Shajara za Mapadre Weupe zimekuwa muhimu kwa wanahistoria, kwa sababu kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni kati ya kumbukumbu chache zilizoandikwa siku kwa siku. Hata hivyo husimuliwa kwa jicho la wamisionari, na sauti za wenyeji husikika humo kwa mbali.

Chakula, mavazi na lugha

Lavigerie aliwataka wamisionari wake wafanane na watu waliotumwa kwao katika mavazi, chakula na lugha, mradi tu imani isivunjwe. Vazi lao lilikuwa kanzu nyeupe na joho jeupe kwa mtindo wa Algeria, na rozari shingoni. Vazi hilo lilibuniwa kwa ajili ya Waarabu na Waberberi wa kaskazini. Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika lilikuwa la kigeni kama suruali ya Kizungu.

Chakula kilitegemea nchi yenyewe: ugali, mihogo, maharagwe, na samaki wa ziwani kama migebuka na dagaa. Divai ya Misa haikupatikana nchini, hivyo ilibebwa kutoka pwani na kutumiwa kwa uangalifu.

Kuhusu lugha, agizo lilikuwa kali. Mara tu walipoweza, wamisionari walitakiwa kuzungumza lugha ya wenyeji hata wao kwa wao. Karema ni nchi ya Wabende, na majirani wao ni pamoja na Watongwe upande wa kaskazini na Wafipa upande wa kusini. Misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kueneza Kiswahili, na hicho kiliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali waliokusanyika misheni. Kijana mgeni aliyefika akiwa amesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi alianza upya kama mtoto: alisahihishwa matamshi na wale aliokuja kuwafundisha.

Mafundisho ya dini

Kadiri ya utaratibu wa Lavigerie, mtu mzima aliyetaka ubatizo alipaswa kusubiri takriban miaka minne. Miaka ya kwanza alikuwa mwombaji, na iliyofuata alikuwa katekumeni. Katika hatari ya kufa utaratibu huo uliachwa, na mgonjwa aliweza kubatizwa mara moja.

Kwa mmisionari kijana hii ilimaanisha kwamba kazi yake haikuonyesha matunda upesi. Alirudia masomo yaleyale kwa kundi lilelile, huku wengine wakiacha na kuondoka. Ndiyo sababu makatekista wenyeji walikuwa muhimu: walijua lugha na desturi, na ndio waliofika vijijini ambako padre alipita mara chache kwa mwaka.

Magonjwa na vifo

Karema iko kwenye tambarare ya chini karibu na ziwa, mahali penye joto na mbu wengi. Wamisionari wa kwanza walikuwa na kwinini, lakini hawakujua namna malaria inavyoenea. Ugunduzi wa Ronald Ross kwamba mbu ndiye anayebeba vijidudu vyake ulifanyika mwaka 1897 tu. Kabla ya hapo watu wengi walidhani homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa.

Vifo havikuchagua cheo. Jean-Baptiste Charbonnier, askofu wa kwanza wa Vikarieti ya Kitume ya Tanganyika, aliwekwa wakfu mwezi Agosti 1887 akafariki Machi 1888. Mwandamizi wake, Léonce Bridoux, alifariki mwaka 1890. Aliyefuata, Adolphe Lechaptois, ndiye aliyedumu: aliongoza tangu mwaka 1891 hadi 1917.

Adriano Atiman

Lavigerie alikuwa na hoja nyingine: kwamba Waafrika wataongoka hasa kwa njia ya Waafrika wenzao. Kwa sababu hiyo mwaka 1881 alifungua huko Malta chuo cha vijana Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani, ili wasomee udaktari na kutumwa kama walei. Hawakutakiwa kuwa mapadre. Walitazamiwa kuoa, kuishi kati ya watu, kutibu na kufundisha dini.

Mmoja wao alikuwa Adriano Atiman. Alizaliwa mnamo 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadre Weupe walimnunua na kumpa uhuru, wakamsomesha. Alibatizwa mwaka 1882, na baada ya masomo ya Malta aliondoka mwaka 1888 kwenda Afrika ya kati, akafika Karema mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 23 hivi.

Kwa Wabende, Atiman alikuwa mgeni sawa na Mfaransa. Lugha yao hakuijua, na kwao kulikuwa mbali kuliko Bagamoyo. Lakini mwaka uleule alimuoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa nchi. Mapadre walihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kadiri ya mahitaji, yeye alibaki. Mtoto wao Joseph alipata upadrisho mwaka 1923.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutibu na kufundisha. Alihudumia wenyeji na wamisionari, katika nchi ambayo haikuwa na hospitali nyingine karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalisambaa katika mwambao wa ziwa, yakiongezeka juu ya malaria na ndui. Atiman alifanya kazi chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza, akafariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Uhuru na utii

Historia ya Atiman inaonyesha pia swali gumu la misheni hizo. Wamisionari walitumia fedha kuwakomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa. Kwa mtoto aliyekuwa safarini kuelekea sokoni, tofauti ilikuwa kubwa: hakuuzwa tena, alilishwa, alifundishwa kazi na kusoma. Lavigerie mwenyewe alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihimiza utumwa ukomeshwe.

Hata hivyo watoto hao hawakurudishwa kwao, na mara nyingi isingewezekana, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa mbali au vimeharibiwa. Walikulia chini ya mamlaka ya misheni, walilelewa katika dini yake, na walipokuwa watu wazima walitazamiwa kuoana wao kwa wao na kukaa katika vijiji vya Kikristo. Padre aliyekuja kuhubiri alijikuta akigawa mashamba, akiamua kesi na kutoa adhabu, kama mtemi. Ngome iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji ilizidisha hali hiyo. Upande wa pili wa ziwa Leopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliongoza hata kikosi cha ulinzi dhidi ya wateka watumwa.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu jinsi ya kupima jambo hili. Wengine wanasisitiza kwamba bila kuta hizo watu wengi wangetekwa. Wengine wanaonyesha kwamba ulinzi ulidai utii, na kwamba mtu aliyetaka kuondoka misheni hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Yote mawili yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya Karema. Utawala wa Kijerumani ulipoimarika kandokando ya ziwa mwishoni mwa karne ya 19, madaraka hayo ya kiserikali yalipungua, na wamisionari wakabaki zaidi na shule, zahanati na parokia.

Urithi

Vikarieti ya Tanganyika ilibadilishwa jina kuwa ya Karema mwaka 1946, ikawa jimbo mwaka 1953, na tangu mwaka 1969 inaitwa Jimbo Katoliki la Sumbawanga. Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000, na Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Rukwa.

Jina la Atiman limepewa hospitali mjini Sumbawanga na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam. Majengo ya kale ya misheni bado yanaonekana Karema. Maji ya ziwa yameshuka tangu ngome ilipojengwa, hivyo kituo kilichoanzishwa ili kutazama maji sasa kiko mbali kidogo na ufuko.