Chujio la maji nyumbani: uliweke wapi?

Umepata chujio la maji, la kugawiwa au la kununua sokoni. Kabla ya kulijaza, tembea ndani ya nyumba yako ukitafuta mahali pa kulikalisha. Chujio likiwekwa pabaya litatoa maji safi yatakayochafuka tena kabla ya kufika mdomoni, na hutajua kwa nini watoto wanaendelea kuhara. Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Januari 2023, na kipindupindu hupita katika maji, mikono na vyombo kwa pamoja. Haya tunayoeleza yanawafaa mnaoishi kambi ya Kinama, Gasorwe, huko Muyinga, wenyeji wa vilima vya jirani, na pia mnaopanga chumba mjini Gitega.

Tuanze na chujio la kawaida: ndoo mbili zilizopandana, au chungu cha udongo ndani ya ndoo yenye robine. Usiliweke chini. Kwenye sakafu ya udongo vumbi hupanda kila mtu anapofagia, kuku huingia, na kikombe kikikingwa chini ya robine hugusa ardhi. Panga matofali mpaka yafikie usawa wa goti au zaidi kidogo, kisha weka ubao juu. Kama hakuna ubao, jiwe bapa linatosha. Sukuma kwa mkono: likitikisika, panga upya. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na chungu cha udongo kikianguka kinapasuka. Ufa mwembamba usioonekana kwa macho unatosha kupitisha vijidudu.

Wengine wakisikia hivyo hupandisha chujio juu ya kabati au juu ya meza ndefu. Hapo linazuka tatizo lingine. Anayejaza maji, mara nyingi msichana mdogo au mama aliyetoka kupanga foleni bombani, anapaswa kuinua bidoni nzima kupita kifua chake. Maji yatamwagika. Maji hayo bado hayajachujwa, yanateremka kwenye ukuta wa ndoo, yanafika kwenye robine na kudondoka ndani ya kikombe pamoja na yale safi. Kwa hiyo mdomo wa juu wa chujio usizidi kifua cha mtu anayelijaza. Kama bidoni ni nzito, tumia jagi kumimina kidogo kidogo, na jagi hilo lisichote maji safi kamwe.

Kuhusu watoto, mara nyingi utasikia ushauri kwamba chujio likae mbali nao. Sisi tunaona vingine. Mtoto wa miaka mitano mwenye kiu asipofikia robine atachota kwenye bidoni iliyo karibu. Ni heri robine iwe kwenye usawa wake, afundishwe kuifungua na kuifunga, na kikombe kining'inie kwenye msumari pembeni. Anayetambaa ndiye wa kuzuiwa: elekeza robine upande wa ukutani kidogo, siyo kwenye njia anayopita.

Kona iwe na kivuli. Jua likipiga kwenye ndoo siku nzima, ukijani huota ndani na plastiki huchakaa haraka. Iwe mbali na jiko la makaa pia, kwa sababu majivu na masizi hutua juu ya mfuniko na huingia kila unapoufungua. Halafu angalia juu. Mvua za Septemba zinapoanza baada ya kiangazi, paa lililokauka huonyesha matundu yake, na tone linaloangukia mfuniko limepita kwanza kwenye vumbi na kinyesi cha panya. Mvua ya kwanza ikinyesha, simama hapo na kandili uangalie kama panavuja.

Chujio likishapata mahali pake, bidoni nazo zipangwe. Zenye maji ya kutoka bombani au kisimani zikae upande mmoja daima, na chombo cha maji yaliyochujwa upande mwingine, kimefunikwa. Funga kitambaa chekundu kwenye bidoni za maji yasiyochujwa ili hata mgeni ajue. Mvua inapofanya maji kuwa na tope, yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo, na ndoo hiyo isihamishwe asubuhi: chota ya juu polepole. Chungu cha udongo hutoa takriban lita moja hadi tatu kwa saa, tena hutoa haraka zaidi kikiwa kimejaa. Ukikiweka karibu na mahali unapotua bidoni utakijaza asubuhi na jioni bila kukumbushwa.

Chujio dogo la mrija, lile lenye nyuzi nyembamba ndani yake, lina kanuni tofauti. Hapo ndoo ndiyo inayopanda juu na chujio ndilo linaloning'inia chini, kwa sababu maji husukumwa na uzito wake yenyewe. Ukiinua chujio karibu na usawa wa maji, mtiririko unakuwa dhaifu na watu husema limeharibika, kumbe ni mahali tu. Mengi ya aina hii yana matundu ya mikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kijidudu cha kipindupindu hakipiti humo. Virusi hupita, kwa hiyo penye shaka weka dawa ya klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa. Ukimaliza, tundika mrija ukutani, usiuache ukilala sakafuni.

Chujio la mchanga ndilo lenye masharti makubwa zaidi. La zege likijaa mchanga huzidi kilo 100, na halitakiwi kusogezwa. Juu ya mchanga kuna tabaka hai la vijidudu wanaokula vijidudu vya maradhi, na tabaka hilo huchukua hadi siku 30 kukomaa. Linaishi chini ya maji yenye kina cha sentimita 5 hivi. Sakafu ikiinama, upande mmoja unakauka na kufa. Kwa sababu hiyo hiyo usiunganishe mpira kwenye bomba la kutokea: mpira ukishuka chini hufyonza maji yote mpaka mchanga unabaki mkavu. Usimimine klorini juu yake pia.

Tatizo hilo la kufyonza linajulikana na watu wa mbali sana na sisi. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika husafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura kwenda kufugwa kwenye matangi ya kioo sebuleni huko Ulaya na Marekani. Wafugaji hao, pamoja na wale wa samaki wa maji ya chumvi, mara nyingi huweka chujio ndani ya kabati chini ya tangi. Umeme ukikatika, bomba huendelea kufyonza maji na kumwaga sakafuni, kwa hiyo hutoboa tundu dogo karibu na uso wa maji ili hewa iingie na kuyakata. Nao chujio lao lina bakteria hai wasiotakiwa kufa.

Kama umepanga Gitega, hata kwenye ua wenye bomba la Regideso, fikiria kwanza utakaa muda gani. Chumba cha kuhamahama kinafaa chujio la ndoo, la mrija au la chungu, na unapopanda gari la Muyinga kupitia Karuzi chungu kisafiri mapajani kimezungushiwa nguo. La mchanga ukilazimika kulihamisha, toa mchanga wote, uuoshe, uujaze upya, na kwa siku 30 zinazofuata tia klorini kwenye maji yanayotoka.