Kompyuta Mpakato ya Kwanza kwa Mwenye Fedha Chache: Sehemu ya Pili

Katika makala ya juma lililopita tulizungumza juu ya mambo ambayo mnunuzi hana budi kujiuliza nafsini mwake kabla ya kutia mguu dukani, yaani kazi aliyoikusudia kompyuta, mahali atakapoitumia, na kiasi cha fedha anachoweza kukitoa pasipo kujitia katika deni. Na leo, maadam maswali hayo yamekwisha kupata majibu yake, tunamsindikiza hadi Kariakoo penyewe, ambako kompyuta mpakato zimepangwa duka baada ya duka, mpya na za mtumba, na ambako mtu asiye na maarifa aghalabu huchagua kwa macho tu: huitazama rangi, huupima wembamba, hulisikiliza neno la muuzaji, kisha akazitoa fedha zake.

Wingi huu wa bidhaa ni neema ya juzi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ya Tanzania ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Si ajabu basi kwamba mzazi ambaye leo anamtafutia mwanawe kompyuta ya kwenda nayo chuoni hana urithi wa ujuzi alioachiwa na wakubwa wake katika jambo hili, kama alivyoachiwa ule wa kuchagua ng'ombe au shamba. Na pasipo ujuzi huo, akiba ya miezi mingi hupotea kwa saa moja.

Rai yangu ni hii, na nimeifikiria kwa muda mrefu kabla ya kuitoa: mwenye laki chache mkononi asinunue kompyuta mpya ya bei ya chini kuliko zote, bali anunue iliyotumika, ile iliyoundwa kwa ajili ya maofisi. Mpya ya bei ya chini huwa na prosesa dhaifu ya daraja la Celeron, kumbukumbu ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye ubao mama hata isiweze kuongezwa, na hifadhi ya GB 64 ambayo sehemu yake kubwa humezwa na Windows yenyewe kabla mwenye mali hajaandika barua yake ya kwanza. Inang'aa siku ya kwanza, lakini haupiti muda mrefu ila mwenyewe huanza kunung'unika. Walakini kompyuta za jamii ya Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad ziliundwa ili kuuzwa kwa makampuni, ambayo huzinunua kwa jumla na kuziacha baada ya miaka michache, aghalabu si kwa sababu zimeharibika, bali kwa sababu muda wa dhamana umekwisha na hesabu za kampuni zinataka mpya. Nyingi katika hizo hutufikia kutoka Ulaya na Dubai. Baobonye zake hustahimili kazi, bawaba zake ni imara, na nyingi miongoni mwao, ingawa si zote, hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, fundi akaongeza kumbukumbu au akabadili diski pasipo taabu.

Hapa ndipo muuzaji atakapokuambia, "Hii ni Core i5," kana kwamba jina hilo la prosesa limemaliza mazungumzo. Halijamaliza. Jina i5 limekuwapo tangu mwaka 2009, na iliyo ya kale na iliyo ya karibuni huitwa kwa jina lile lile, ilhali tofauti baina yake ni kubwa mno. Tazama namba zinazofuata: katika i5-7200U tarakimu 7 ndiyo inayoonyesha kizazi, katika i5-8250U ni kizazi cha nane, na katika i5-10210U ni cha kumi. Kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, ndicho mpaka ambao sikushauri kuuvuka kwa kurudi nyuma, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza, i5-7200U ina viini viwili, lakini i5-8250U ina vinne, na mtumiaji anayefungua kurasa nyingi za mtandao kwa wakati mmoja huiona tofauti hiyo bila ya kuelezwa. Ya pili ni kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa jumla tarehe 14 Oktoba 2025, na katika prosesa za Intel, Windows 11 haikubali rasmi zilizotangulia kizazi cha nane, ila chache mno. Anayenunua ya kizazi cha saba kwa sababu imepunguzwa bei hununua mashine ambayo mlango wake wa usalama umekwisha kufungwa. Labda kama yu tayari kutumia Linux, ambayo ni ya bure na hutembea vema juu ya mashine za zamani, na mwenye subira ya kujifunza simzuii.

Baada ya prosesa, yapo mambo mawili, kumbukumbu na diski, ambayo wanunuzi wengi huyachanganya kwa kuwa yote mawili huhesabiwa kwa GB. Kumbukumbu, ambayo dukani huitwa RAM, ni mfano wa jamvi ambalo mwanachuoni ametandaza juu yake vitabu anavyovisoma saa hii, na diski ni zidaka za ukutani ambamo vitabu vyote vimewekwa. Jamvi likiwa dogo, kila mara atainuka kurudisha kimoja ili achukue kingine, hata kama zidaka zake ni kubwa kama za sultani. GB 4 ndicho kiwango cha chini ambacho Microsoft yenyewe imekiandika kwa Windows 11, na kiwango cha chini hakimstareheshi mtu. Taka GB 8. Kuhusu diski, kataa ile ya kuzunguka, hata ikiwa ni ya TB 1, ukachukua SSD ya GB 256. Ya kuzunguka ina sahani ambayo aghalabu hupiga mizunguko 5,400 kwa dakika, na sindano yake hailisomi neno mpaka sahani ilifikishe neno hilo mbele yake. SSD haina kitu kinachotembea, kwa hiyo huwaka upesi, na mtikisiko wa daladala hauiumizi. Kioo nacho kiwe cha nukta 1920 kwa 1080. Kile cha 1366 kwa 768 huonyesha mistari michache ya maandishi kwa mara moja, na anayeandika tasnifu atachoka.

Sasa tufike kwenye ukaguzi, ambao ni haki ya mnunuzi wala si uchokozi. Mwombe muuzaji afungue dirisha la amri la Windows, uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ulio nao leo. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na sasa inashika 20,000, basi ujue unanunua pia betri mpya, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Bonyeza kila kitufe cha baobonye. Chomeka flashi katika kila tundu. Itazame chaja kama ina wati zinazotakiwa, ambazo kwa mashine hizi nyingi ni 45 au 65, kwa kuwa chaja ghushi huleta joto na hata moto.

Lakini lipo jambo moja ambalo watu hawalijui, na hili ndilo lililonisukuma zaidi kuandika. Makampuni ya ng'ambo hufunga mashine zao kwa kufuli zisizoonekana kwa macho. Moja ni nywila ya BIOS: izime kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, na ikikudai nywila ambayo muuzaji hana, iache. Ya pili ni ya siri zaidi, kwani kampuni huweza kuwa imeiandikisha mashine hiyo kwa Microsoft, nayo hufanya kazi vizuri kabisa dukani, mpaka siku utakapoifuta na kuisimika Windows upya, ndipo inapotokeza jina la kampuni usiyoijua na kukutaka uingie kwa akaunti ya mfanyakazi wake. Dawa yake ni moja: kabla hujalipa, Windows irudishwe katika hali ya awali mbele yako, kisha kompyuta iunganishwe na intaneti. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nzima, na muuzaji mwaminifu atakupa kiti. Asiyekubali, toka dukani kwake kwa amani. Na risiti iandikwe namba ya mashine yenyewe, si jina la aina yake tu.

Ukiisha kuifikisha nyumbani, usimruhusu mtu akuwekee Windows ya wizi, kwa kuwa programu zinazovunja leseni ndizo zinazopendwa na watunga virusi kuwa maficho yao, na zaidi ya hayo huzihitaji: mashine nyingi za ofisi zimehifadhi leseni ndani ya ubao mama, na toleo lile lile likisimikwa upya hujithibitisha lenyewe likifika mtandaoni. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows yatosha. Kwa uandishi na hesabu, LibreOffice ni ya bure na hufungua faili za Word na Excel. Anayetumia bando la simu na aende katika mipangilio ya Wi-Fi, auweke muunganisho huo kuwa wa kupimwa, ili masasisho makubwa yasiteketeze GB zake usiku. Kisha mara kwa mara aipeleke kompyuta chuoni au ofisini penye mtandao usio na kikomo, masasisho yashuke yote, kwani kuyazuia moja kwa moja ni kujiacha bila ya ngao.

Mwisho, Windows 11 huweza kuifunga diski kwa maandishi ya siri pindi uingiapo kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa dharura wa kufuli hiyo ni tarakimu 48 zinazowekwa katika akaunti yako. Nimewaona watu wenye akili zao wakipoteza kazi zao zote kwa kusahau akaunti ile. Juma lijalo, Inshallah, tutaeleza namna ya kuweka nakala za kazi. Lakini wewe ambaye umekwisha kununua usingoje juma lijalo, ingia katika akaunti yako leo, uzinakili tarakimu hizo 48 katika daftari, na daftari hilo usiliweke katika mkoba mmoja na kompyuta.