Maua ya Mgunga na Lugha ya Mwanafunzi

Kila ifikapo mwishoni mwa Machi, Wajapani hukusanyika chini ya miti ya sakura kutazama maua yake. Wakazi wa Nairobi nao hungoja Oktoba, mijakaranda iyatandaze maua yake ya zambarau barabarani. Lakini ni nani aliyewahi kuyasifu maua ya Dagahaley?

Dagahaley ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Dadaab, huko Garissa. Jina hilo ni la Kisomali, na maana yake ni mahali penye mawe. Hata hivyo, mvua zinyeshapo, migunga hutoa maua meupe yenye kuwavuta nyuki. Maua hayo ndiyo yawayo maganda, na maganda ni chakula cha mbuzi wakati wa ukame. Kwa mfugaji, basi, ua ni ahadi ya maziwa.

Linalonishughulisha mimi kama mwanaisimu ni maneno. Kisomali kina majira manne: Gu, Xagaa, Deyr na Jilaal. Kiswahili nacho kina masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mpangilio ni mmoja, kwa kuwa lugha zote mbili zimelelewa na pepo zilezile za kusi na kaskazi. Mtoto aliyeijua Gu nyumbani ameijua masika kabla hajaingia darasani. Kilichobaki ni kumpa jina la pili. Hata Ubax wa Kisomali na Maua wa Pwani ni wasichana wa jina moja.

Wapo watakaosema kuwa mtihani wa Kiswahili hauulizi Kisomali. Ni kweli. Lakini mtihani hudai insha, na insha isiyo na lolote alilolishuhudia mwandishi wake huwa mwangwi wa kitabu tu. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua za Deyr na Gu zilipungua mno kwa misimu mitano mfululizo. Aliyeyaishi hayo anajua tofauti ya mvua kuchelewa na mvua kukosa. Kwa nini tumlazimishe aandike juu ya theluji?

Walimu wenzangu, migunga ikichanua watoeni wanafunzi nje. Waulizeni mti huu kwao waitwaje. Wakijibu *qurac*, andikeni ubaoni majina yote mawili, kisha somo la Kiswahili lianzie hapo.