Je, Wajua? Runinga yenye giza huenda picha inayo

Runinga bapa ikitoa sauti huku kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kusema kioo kimekufa. Zima taa za sebuleni, iache runinga ikiwa imewashwa, kisha mulika kioo kwa karibu kwa tochi ya simu, ukiielekeza kimshazari. Ukimwona mtangazaji kwa mbali, kama kivuli, picha ipo. Kilichozimika ni taa za nyuma. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe.

Taa hizo ni vijitaa vya LED vilivyopangwa kwenye mikanda, na kwa kawaida huunganishwa kwa mfuatano. Kimoja kikikatika, mkanda mzima huzimika, na mara nyingi saketi ya ulinzi huizima na mingine. Ndiyo maana runinga nyingine humulika sekunde moja tu, kisha giza. Kupunguza mwanga wa taa hizo kwenye menyu (wengi huuacha juu kabisa, kama ulivyotoka dukani) huzirefushia maisha.

Taa nyekundu ikiwaka lakini runinga ikagoma kuamka, fundi huanza na ubao wa pawa, akitafuta kapasita iliyovimba kichwa. Usiifungue runinga mwenyewe: kapasita kubwa yaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.