Jean Gabin, Mcheza Sinema Aliyekwenda Vitani

Wengi wetu tumekwisha kuona picha za sinema, na katika picha hizo tumeona askari wakipigana, mizinga ikilia, na watu wakianguka. Lakini twajua kwamba yule aanguliaye katika picha huinuka baadaye, akajipangusa mavumbi, akaenda zake kunywa chai. Kwa sababu hiyo watu huuliza: Je, wachezaji hawa, ambao ushujaa wao ni kazi ya mshahara, wangeitwa katika vita vya kweli wangefanyaje? Leo twapenda kulijibu swali hilo, si kwa kubuni maneno, bali kwa kueleza maisha ya mtu mmoja wa nchi ya Ufaransa. Jina lake ni Jean Gabin.

Bwana huyu alizaliwa mjini Paris tarehe 17 Mei, 1904. Jina lake la ukoo lilikuwa Moncorgé. Gabin lilikuwa jina ambalo baba yake alilitumia alipoimba na kucheza mbele ya watu, maana baba na mama wote wawili walikuwa watu wa michezo. Walakini mtoto hakulelewa mjini. Alikulia katika kijiji cha Mériel, kaskazini ya Paris, karibu na mto Oise, mahali penye mashamba na njia ya reli. Huko alipenda vitu viwili: ng'ombe wa wakulima, na magari ya moshi yaliyopita. Hamu yake kubwa ilikuwa awe dereva wa gari la moshi. Shule hakuipenda. Alipokuwa na umri wa miaka 14 mama yake alifariki, na muda si mwingi akaanza kufanya kazi za mikono: alibeba mizigo, akafanya kazi ya ujenzi na kazi ya kuyeyusha chuma.

Baba yake hakuridhika. Mwaka 1922 alimchukua mpaka nyumba kubwa ya michezo iitwayo Folies Bergère, akamwombea kazi ndogo. Kijana alikubali shingo upande. Umri wa kuitwa jeshini ulipofika, alitumikia katika askari wa baharini. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana habari za bahari zitarudi mara nyingi katika maisha yake.

Picha za sinema zilipoanza kusema, yapata mwaka 1930, Gabin akaingia katika kazi hiyo. Kwa nini alipendwa? Wachezaji wengi wa zamani walisema kwa sauti kubwa na kutupa mikono huku na huku. Yeye alisema kama asemavyo mtu wa kazi aliyechoka jioni. Uso wake ulitulia, na macho yake yalieleza mambo zaidi kuliko kinywa. Mafundi wa viwanda, mabaharia na askari wa kawaida walipomwona walisema mioyoni mwao, huyu ni mwenzetu.

Mwaka 1937 alicheza katika picha mashuhuri ya Bwana Jean Renoir, iitwayo La Grande Illusion, yenye habari za Wafaransa waliotekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Renoir mwenyewe alikuwa rubani katika vita hivyo, naye alimpa Gabin kanzu yake mwenyewe ya kijeshi aivae katika picha. Picha hiyo haina matusi kwa adui. Yaonyesha kwamba Mfaransa na Mjerumani, tajiri na maskini, wote ni wanadamu. Kwa ajili hiyo watawala wa Ujerumani wa siku zile waliichukia wakaipiga marufuku. Mwaka uliofuata, 1938, Gabin alipata hamu yake ya utotoni: katika picha ya La Bête humaine alikuwa dereva wa gari la moshi, naye alijifunza hasa kuliendesha, wala hakujifanya tu.

Basi vita vikaja. Mwezi wa Septemba, 1939, Gabin aliitwa tena katika jeshi la baharini, akapelekwa Cherbourg. Mwezi wa Juni, 1940, Ufaransa ilishindwa. Hapa yatupasa kueleza kidogo. Tarehe 18 Juni Jenerali de Gaulle, aliyekuwa amekimbilia London, alisema katika redio kwamba vita havijakwisha, akawaita Wafaransa wajiunge naye. Siku nne baadaye serikali nyingine ya Wafaransa ilitia sahihi mapatano na Ujerumani, nayo ikakaa katika mji wa Vichy. Hivyo taifa moja likawa na sauti mbili. Jambo hili liligusa hata nchi zetu, maana askari wa K.A.R. waliopelekwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, mwaka 1942, walipigana na majeshi yaliyoitii serikali ya Vichy.

Wajerumani walipokaa Paris walianzisha kampuni ya kutengeneza picha za sinema, iliyoitwa Continental. Wakataka wachezaji wenye sifa, na mwenye sifa kuliko wote alikuwa Gabin. Tufikiri hali yake: kazi ilikuwapo, fedha ilikuwapo, na nyumbani palikuwa pale pale. Wako waliokubali, na wengine walikubali kwa sababu ya njaa; hatuwezi kuwahukumu wote kwa neno moja. Yeye alikataa. Mwanzo wa mwaka 1941 akaondoka kupitia Hispania na Ureno, akapanda meli mpaka Marekani. Katika vitu vichache alivyochukua vilikuwamo baisikeli yake ya mashindano na akodiani, kinanda kile cha kukunjua ambacho Wafaransa hukipenda katika ngoma zao.

Marekani alipokewa vizuri. Alitengeneza picha mbili, naye aliishi na mchezaji maarufu Marlene Dietrich, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani, ambaye alimkataa Hitler akawa raia wa Marekani mwaka 1939. Huko kulikuwa na jua, chakula tele, na fedha. Lakini moyo wa Gabin haukutulia. Kiingereza kilimpa taabu, na picha alizocheza hazikumpendeza. Zaidi ya hayo, kila siku alisikia habari za nyumbani: watu wenye njaa, watu wafungwao, watu wauawao. Mwenye kuona nyumba yake ikiungua hawezi kufurahia karamu ya jirani.

Mwaka 1943, alipokuwa karibu na umri wa miaka 39, alijiandikisha katika majeshi ya Wafaransa waliomfuata de Gaulle. Hapana aliyemlazimisha. Watu walidhani kwamba atapewa kazi ya kuwachekesha askari, au ya kusimama mbele ya picha apate kusifiwa, kama walivyofanya wachezaji wengine, nayo ni kazi yenye faida. Yeye aliomba kazi ya bahari.

Akatiwa katika meli iitwayo Elorn, awe miongoni mwa wapiga mizinga walioilinda. Elorn ilikuwa meli ya mafuta. Kila baharia ajua maana yake. Meli ya mahindi ikipigwa huzama, na mtu aweza kuogelea. Meli ya mafuta ikipigwa huwaka, na bahari yenyewe huwaka kuizunguka. Siku zile meli zilikwenda kwa misafara, nyingi pamoja, zikilindwa na manowari, na kila moja ilikwenda kwa mwendo wa ile iliyo nzito kuliko zote. Hivyo safari ilikuwa ya polepole, na adui alipata nafasi ya kuzivizia. Msafara wa Gabin ulipoingia bahari ya Mediteranea ulishambuliwa na ndege za juu na manowari za chini ya maji. Elorn ilisalimika, ikafika Algiers.

Huko alipewa kazi ya kuwafundisha askari vijana wa baharini. Ilikuwa kazi ya salama, lakini hakutaka kuvimaliza vita darasani. Akaomba apelekwe mbele, hata akapata nafasi katika kikosi cha askari wa baharini waliopanda magari ya deraya, chini ya Jenerali Leclerc.

Kwa habari ya Leclerc, tusisahau jambo moja. Vita vyake vilianza katika ardhi ya Afrika. Alitoka Chad na askari wengi weusi, wakavuka jangwa, wakautwaa mji wa Kufra mwezi wa Machi, 1941. Lakini jeshi lake lilipoundwa upya katika Morocco mwaka 1943 na kupewa silaha za Kimarekani, wengi wa askari wale weusi waliondolewa, wala hawakuingia Paris pamoja naye mwezi wa Agosti, 1944. Watu wakishangilia jeshi lile, ni haki wakumbukwe na wale walioanza safari wasifike mwisho wake.

Gabin akawekwa kuwa mkuu wa gari moja la deraya lenye mzinga, liitwalo Souffleur II. Alikuwa mzee kuliko wakuu wenzake wa magari yale. Vijana aliowaongoza wangeweza kuwa wanawe. Tena twasimuliwa na waliomjua kwamba alikuwa na hofu moja kubwa, hofu ya moto. Gari la namna ile hubeba petroli na risasi nyingi, na likipigwa laweza kuwaka kabla watu hawajatoka. Basi mtu mwenye hofu ya moto alisafiri kwanza katika meli ya mafuta, kisha akapanda gari la deraya. Hapa twajifunza maana ya ushujaa. Shujaa si yule asiyejua hofu. Asiyejua hofu huenda ni mjinga. Shujaa ni yule aijuaye hofu yake kwa jina, akafanya iliyompasa.

Mwezi wa Aprili, 1945, alikuwa katika vita vya kuutoa mji wa Royan, katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wamezingirwa huko. Kisha kikosi kiliingia Ujerumani, na mwezi wa Mei Gabin akafika na gari lake Berchtesgaden, katika milima ambamo Hitler alikuwa na nyumba yake. Vita vya Ulaya vikaisha. Alipewa nishani mbili, Croix de Guerre na Médaille Militaire. Mwezi wa Julai akaomba ruhusa, akaacha jeshi. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe.

Twaweza kudhani kwamba mtu kama huyo alirudi akabebwa mabegani. Sivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wakimkumbuka kijana wa mwaka 1938, na sasa walimwona mtu mzima mwenye mvi. Picha aliyocheza pamoja na Marlene Dietrich mwaka 1946, Martin Roumagnac, haikupendwa, na wao wawili wakaachana. Miaka kadhaa ikapita akifanya kazi bila kelele, bila ya kuzitembeza nishani zake. Mwisho, mwaka 1954, picha iitwayo Touchez pas au grisbi ilimrudishia sifa yake, naye akaendelea kucheza mpaka mwaka wa kufa kwake.

Fedha alizopata alizitia katika ardhi. Tangu utoto alitaka kuwa mkulima, akanunua mashamba katika Normandy, akafuga ng'ombe na farasi. Walakini usiku mmoja wa Julai, 1962, wakulima wapatao 700 waliizunguka nyumba yake. Walisema kwamba vijana wao hawana ardhi ya kulima, naye mtu wa sinema amejikusanyia mashamba mengi. Wakamtaka akodishe baadhi yake. Gabin aliumia sana moyoni. Aliona kwamba alikuwa amenunua kwa jasho lake, na kwamba alikuwa mkulima kama wao. Wao nao waliona kwamba mtu mwenye kazi mbili asimnyime nafasi asiye na hata moja. Alipeleka mashtaka, kisha akayaondoa. Sisi hatusemi nani alikuwa na haki yote. Kila kijiji chenye shida ya ardhi chajua kwamba maneno ya pande zote mbili huwa na uzito. Twalitaja ili msomaji aone kwamba mtu aliyestahili heshima vitani hakuepuka ugomvi wa kawaida wa wanadamu.

Jean Gabin alifariki tarehe 15 Novemba, 1976. Kwa mapenzi yake mwenyewe mwili wake ulichomwa, na majivu yakachukuliwa na manowari Détroyat ya jeshi la Ufaransa, yakamwagwa baharini mbele ya mji wa Brest kwa heshima za kibaharia. Kijijini Mériel iko nyumba ya ukumbusho wake, iliyofunguliwa mwaka 1992.

Basi swali letu la kwanza limepata jibu, angalau kwa mtu mmoja. Katika picha Gabin aliigiza askari, baharia na dereva. Siku ilipofika aliacha kuigiza, akasimama penye mzinga. Na yule kijana aliyeanza utumishi wake katika askari wa baharini, bahari ndiyo iliyompokea mwisho. Wazee wetu wa pwani wamekwisha kusema: Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.